Kifurushi Kimoja, Kerneli Zaidi ya Moja

Debian haikuishi juu ya Linux peke yake. Toleo la 6.0, la Februari 2011, lilikuja pia na kerneli ya FreeBSD kwa majaribio, na wajenzi wa Debian GNU/Hurd wanaendelea hadi leo. Tunajibu maswali ya watunza vifurushi.

Programu yangu hutoa sauti kwa ALSA, ambayo ni ya Linux. Itajengekaje kwingine?

Kwenye faili la debian/control, baada ya libasound2-dev, andika linux-any ndani ya mabano ya mraba. Anayejengea Linux ataisakinisha, anayejengea Hurd ataipita. Usitaje amd64, arm64 na wenzake mmojammoja: riscv64 ilipoingia rasmi katika Debian 13 mwaka 2025, orodha za namna hiyo ziliiacha nje.

Hiyo ni nusu ya kazi. Msimbo wenyewe lazima ukubali kujengwa bila ALSA, na hapa ndipo wengi hukwama: control imeandikwa vizuri, kisha hati ya kusanidi inagoma kwa kuwa mwandishi hakuwaza njia nyingine ya sauti. Rekebisha, kisha mpelekee mwandishi wa programu rekebisho hilo. Ukilihifadhi kwenye kifurushi chako tu, utalibeba kila toleo jipya likitoka.

Ndani ya msimbo, si inatosha kuuliza kama mfumo ni Linux?

Haitoshi. Uliza kama kitu unachokihitaji kipo. Epoll ni ya Linux, FreeBSD ina kqueue. Hurd nayo haitangazi PATH_MAX, kwa sababu haiwekei kikomo urefu wa njia ya faili, hivyo programu inayotenga nafasi kwa kipimo hicho haijengeki kabisa. Tenga kumbukumbu kwa urefu halisi wa njia. Hata watumiaji wa Linux watafaidika, maana huko pia saraka zinaweza kupandana hadi njia ikazidi baiti 4096 za PATH_MAX.

Kifurushi changu ni hati za Python tu, aina ya all. Naweza kuweka linux-any kwenye Depends?

Hapana, kanuni za Debian zinakataza. Sharti hilo huamuliwa wakati wa kujenga, na kifurushi cha all hujengwa mara moja kwa mashine zote. Kama programu inaweza kufanya kazi bila kitegemezi hicho, kishushe hadi Recommends. Apt haitagoma kikikosekana. Kama ni cha lazima, badili aina iwe any.

Tawi la FreeBSD lilifungwa mwaka 2023. Nifute masharti yote haya?

Futa kfreebsd-any pekee. Linux-any iache, Hurd bado inaihitaji. Na marekebisho yaliyomo ndani ya msimbo usiyaguse: FreeBSD yenyewe bado inaijenga programu yako.