Washa Pampu ya Nyumbani Ukiwa Mjini: Somo la Swichi ya Laini ya Simu

Ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Uko ndani ya matatu kwenye Waiyaki Way, na jamu imesimama kabisa pale Westlands. Simu inalia. Ni mpangaji wako wa Kangemi: "Mama, maji yameisha tangu mchana, na mlinzi ameenda ushago." Pampu iko stoo, ufunguo wa stoo uko kwa mkoba wako, na nyumbani ni saa nzima kutoka hapo ulipo.

Wateja wetu wengi wanaijua jioni kama hiyo. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa zamu, kwa hivyo mwenye ploti huweka tangi chini la kupokea maji siku ya zamu, na lingine juu ya paa. Kati ya hayo mawili kuna pampu, na pampu inahitaji mtu wa kuiwasha. Leo tunajifunza jinsi simu yako inavyoweza kuwa huyo mtu, na jinsi ya kufanya hivyo bila kuchoma mota, kumaliza tokeni au kumfungulia mwizi mlango wa pesa zako.

Hii swichi ni nini?

Ni kisanduku kidogo chenye nafasi ya laini ya simu, antena, na ndani yake rilei. Rilei ni swichi inayofungwa na kufunguliwa na umeme mdogo badala ya kidole chako. Ukituma meseji au ukipiga simu kwa nambari ya ile laini, kisanduku kinaangalia nani anapiga na anataka nini, kisha kinawasha au kuzima.

Kama unatumia sola ya kulipa polepole, tayari unaishi na wazo hili. M-PESA ilianza Machi 2007. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 2012, kampuni ya M-KOPA ya hapa Nairobi ikaanza kuuza sola zenye laini ya simu ndani ya kisanduku. Ukilipa, kisanduku kinafunguliwa kutoka mbali. Usipolipa, kinajifunga. Mita za gesi za kulipia kwa simu hufuata njia hiyo hiyo: malipo yakiingia, vali inafunguka. Tofauti ni kwamba kwa pampu yako, mwenye amri ni wewe, si kampuni. Kwa hivyo jukumu la usalama pia ni lako.

Hatua ya 1: Nunua kifaa kinachofaa

Utavipata kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini, kwa mfano Luthuli Avenue. Kabla ya kulipa, uliza haya:

1. Kinatumia mtandao gani? Vingi vya bei nafuu hutumia 2G peke yake. Kwa sasa 2G bado inafanya kazi Kenya, lakini kumbuka kwamba kule Marekani AT&T ilizima yake mwanzoni mwa 2017, na vifaa vyote vya aina hii vilivyotegemea mtandao huo vikanyamaza. Kinachoshika 4G pia kitakaa muda mrefu zaidi.
2. Kinajibu? Chagua kinachorudisha meseji ya kusema "nimewasha" au "nimezima".
3. Kina saa ya kujizima chenyewe? Usinunue cha pampu bila hii. Utaona sababu hapa chini.
4. Stima ikipotea na kurudi, kinabaki kimezimwa au kinaendelea pale kilipoachia? Kwa pampu unataka kibaki kimezimwa mpaka utoe amri upya.

Muuzaji akikupa nambari ya kulipia, soma jina linalotokea kwa simu kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa geni, simama uulize.

Hatua ya 2: Mwite fundi mwenye leseni

Hapa ndipo watu huharibu. Kwenye kisanduku utaona pameandikwa 10A, na utafikiri inatosha kwa pampu ya hospawa moja. Pampu hiyo ikishatulia huvuta ampea tano au sita kwa stima yetu ya volti 240. Lakini mota inapoanza kuzunguka, kwa muda mfupi huvuta mara tano hadi saba ya hapo. Rilei ndogo ikipigwa hivyo kila siku, vyuma vyake vya ndani vinaungua na kushikana. Siku hiyo utatuma amri ya kuzima, utajibiwa "nimezima", na pampu itaendelea kunguruma.

Dawa yake ni kontakta. Kisanduku kinawasha kontakta, na kontakta ndiyo inabeba mzigo wa pampu. Mwambie fundi aweke pia:

- Boya kwenye tangi la juu, likate pampu likijaa.
- Boya kwenye tangi la chini, likate pampu maji yakiisha. Pampu ikizunguka bila maji, inajichoma.
- Swichi ya mkono, ili mlinzi aweze kuzima hata mtandao ukipotea.

Maboya yakate stima yenyewe kwa waya bila kungoja simu. Simu inatoa amri, lakini ulinzi wa mota usiitegemee. Hii ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, si ya kijana anayejua simu tu.

Hatua ya 3: Sajili laini, na uifanye maskini

Laini ya kifaa isajiliwe kwa kitambulisho chako. Usikubali laini ambayo muuzaji ameshasajili kwa jina lake, kwa sababu siku ikipotea hutaweza kuirudisha. Wateja wa Safaricom wanaweza kubonyeza *106# kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao.

Sasa sikiliza vizuri. Vifaa vingi vya aina hii hukutaka uondoe PIN ya laini ndipo vifanye kazi. Maana yake ni kwamba mtu akivunja stoo na kuchomoa ile laini, anaweza kuiweka kwa simu yake na ikafanya kazi mara moja. Jiulize: atapata nini?

Ikiwa nambari hiyo umeiunganisha na benki, na barua pepe, au na akaunti ya kukopa, atapokea kila meseji ya uthibitisho inayotumwa hapo. Kwa hivyo laini ya pampu iwe maskini. Usiiwekee pesa. Usiiunganishe na benki. Usiitumie kufungua akaunti yoyote. Iwe na kredo kidogo ya meseji, basi. Na usichukue laini yako ya zamani yenye historia ya pesa ukaipeleka stoo kwa sababu eti iko tu.

Hatua ya 4: Badilisha pasiwadi kabla ya kufunga kifuniko

Vifaa hivi hutoka kiwandani na pasiwadi rahisi kama 1234, na kijitabu chake kinajulikana na kila fundi. Ukiiacha hivyo, yeyote mwenye nambari ya laini anaweza kuwasha pampu yako usiku wa manane. Fanya haya mezani, kabla kifaa hakijaungwa na stima ya pampu:

1. Badilisha pasiwadi. Usitumie PIN yako ya pesa wala mwaka wako wa kuzaliwa.
2. Andikisha nambari zinazoruhusiwa: yako, na ya mtu mmoja unayemwamini.
3. Weka kifaa kikatae nambari nyingine zote. Vingi huja vikiwa vimewekwa "mtu yeyote akipiga".
4. Mlinzi au fundi akiacha kazi, futa nambari yake siku hiyo hiyo na ubadilishe pasiwadi.

Kuna vifaa vinavyotii simu tu: unapiga, kinakata, geti linafunguka, na hulipi chochote. Kwa geti ni rahisi. Kwa pampu tumia meseji yenye pasiwadi, kwa sababu unahitaji jibu.

Hatua ya 5: Weka saa ya kujizima

Tufanye hesabu. Tangi la juu ni lita 5,000, na pampu inapandisha lita 50 kwa dakika. Kujaza tangi tupu kunachukua dakika 100. Tuseme pampu inakula kilowati 1.1. Kwa muda huo utatumia karibu yuniti 1.8 za tokeni.

Sasa tuseme umewasha saa nne usiku, ukalala, na boya limekwama. Kufika saa kumi na mbili asubuhi pampu imezunguka saa nane, na yuniti 8.8 zimeenda. Tangi lilijaa baada ya dakika 100, na kwa dakika 380 zilizobaki lita 19,000 zimemwagika. Hiyo ni mitungi 950 ya lita 20, kwenye mtaa ambao jirani ananunua maji kwa mtungi. Saa ya kujizima ikiwekwa dakika 110, hasara yote hiyo inakuwa dakika kumi tu.

Hatua ya 6: Lisha laini kredo

Kupokea meseji hakuhitaji kredo. Kujibu kunahitaji. Laini ikiishiwa, kifaa kitawasha pampu lakini hakitakuambia. Kwa hivyo shika kanuni hii: kimya si "ndiyo", na kimya si "hapana". Usipojibiwa, usitume amri mara tano. Mpigie aliye nyumbani aangalie.

Ihifadhi nambari ya kifaa kwenye simu yako kwa jina, kisha kila tarehe mosi ununulie nambari hiyo kredo kidogo kupitia menyu ya pesa ya simu, sehemu ya nambari nyingine. Hakikisha tarakimu kabla ya kuthibitisha. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na nambari yake kupewa mtu mwingine, kwa hivyo itumie hata wakati wa mvua ambapo maji si shida.

Maswali tunayoulizwa

*Tokeni zikiisha nikiwa mjini?* Unaweza kununua tokeni ukiwa popote kwa Paybill 888880, lakini zile tarakimu 20 kwa kawaida bado lazima mtu aziingize kwenye mita. Mtumie aliye nyumbani. Na ujue kwamba stima ikikatika, kifaa nacho kinazimika, isipokuwa kina betri.

*Nina kibanda cha kuuza maji. Naweza kumfungulia mteja akishalipa?* Ndiyo, lakini usifungue kwa kuonyeshwa meseji. Meseji za malipo huigizwa kila siku. Angalia salio au taarifa ya akaunti yako mwenyewe, ndipo uwashe.

*Mpangaji hajalipa kodi. Nimzimie maji?* Hapana. Deni la kodi lina njia yake ya kisheria. Swichi hii ni ya kupeleka maji, si ya kumnyima mtu.

*Mtu amenipigia akisema ni wa kampuni ya mtandao, anataka pasiwadi ya kifaa.* Kata simu. Hakuna mfanyakazi wa kampuni ya mtandao, wala wa kwetu, anayehitaji pasiwadi au PIN yako.

Jaribio kabla ya kuamini

Jumamosi ukiwa nyumbani, simama kando ya pampu na ufanye haya manne. Tuma amri ya kuwasha, uone na usikie. Inua boya la juu kwa mkono, pampu izime. Iwashe tena, kata stima kwenye mita kisha uirudishe, pampu ibaki imezimwa. Mwisho, piga kwa simu ya jirani ambayo haijaandikishwa, kifaa kikatae.

Yakipita yote manne, siku nyingine mpangaji akikupigia ukiwa kwenye jamu ya Westlands, tuma meseji yako, ngoja jibu, kisha umwambie afungue mfereji.