MAUMIVU YA JINO NA DAWA KALI: MUISLAMU AFANYE NINI?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Ndugu Waislamu wa Burungu, na ninyi mliotoka vijiji vya jirani kuja kuswali nasi, sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Somo letu la Ijumaa hii ni jino. Najua wapo watakaocheka. Lakini wengi wenu mmewahi kukesha mmekaa kitako huku mmeshika shavu, na mimi ni mmoja wenu.

Miaka michache iliyopita gego langu la chini liliniuma siku nne mfululizo. Siku ya nne nikamtuma mtoto aniletee dawa ya maumivu. Akarudi na kapsuli zilizofungwa katika kipande cha gazeti, hazina karatasi wala maelezo. Ilikuwa tramadoli. Nikameza mbili mchana, na baada ya Magharibi nikameza mbili tena. Maumivu yakaenda mbali, kana kwamba yanamuuma mtu mwingine. Nikatoka kuswalisha Isha. Nilisoma Fatiha, nikaanza sura ninayowasomesha watoto kila siku, nikasimama katikati nisijue niko wapi. Ndugu mmoja nyuma yangu akanikumbusha. Nikaendelea, kisha nikatoa salamu kwenye rakaa ya tatu. Maamuma wakasema Subhanallah, tukasimama tukakamilisha, tukasujudu sijda ya kusahau. Walidhani ni uzee. Haukuwa uzee. Mnaijua aya ya 43 ya Suratun Nisaa, inayomkataza Muislamu kuikaribia swala hali amelewa mpaka ajue anachokisema. Nilikuwa nimeisomesha miaka mingi bila kudhani kwamba siku moja itanihusu mimi. Na asubuhi jino lilikuwa linauma vilevile.

Nimeona niwaambie hayo kwanza, maana mambo mawili yameletwa kwangu karibuni. Mama mmoja alikuja akilia: mwanawe amerudi kutoka machimboni anameza tramadoli tangu asubuhi mpaka usiku, akikosa anatetemeka, anatoka jasho na kutukana watu. Mwanzo wake ulikuwa jino. Na mzee mmoja, mwenye jeraha baya, alikataa hospitalini dawa ya mofini kwa sababu aliambiwa ni haramu. Akateseka siku tatu. Mmoja anakunywa pasipo haja, mwingine anakatazwa penye haja, na wote wawili wamekosa mtu wa kuwaeleza.

Basi tuanze na sheria. Mabedui walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamuuliza kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, kwa kuwa Allah hakuleta maradhi ila ameyaletea na dawa. Kutafuta dawa ya maumivu si upungufu wa imani wala si kukosa subira. Husimuliwa sana habari za Urwa bin Zubeir, mtoto wa Bibi Asmaa binti Abubakar, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Madina. Alisafiri kwenda Sham kwa Khalifa al-Walid, mguu wake ukaoza, matabibu wakasema lazima ukatwe. Wakampa kinywaji cha kumpoteza akili asisikie maumivu, akakataa. Ukakatwa naye anamtaja Mola wake. Sisi mashehe tunaipenda habari hii, na mara nyingine tunaisimulia kama kwamba kila mgonjwa anapaswa kuwa Urwa. Nami niliisimulia hivyo, sasa najirudi. Ile ilikuwa daraja yake na hiari yake. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki mwaka 1277, alilizungumza jambo hilohilo: mtu anayelazimika kukatwa kiungo kilichooza, je, anywe dawa inayoondoa akili? Kauli aliyoisahihisha ni kwamba inajuzu. Kwa hiyo dawa ya usingizi ya daktari wa upasuaji, sindano ya ganzi, na mofini kwa mwenye jeraha la vita au mwenye saratani, hazina dhambi zikitolewa kwa haja na kwa kipimo.

Lakini dawa ileile ikiliwa kwa starehe, au kwa uvivu wa kutafuta tiba ya kweli, inaingia mlango mwingine. Mama wa Waumini Ummu Salama amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kila kileo na kila kinacholegeza. Tramadoli, kodeini na mofini ni za ukoo mmoja na kasumba, ile afyuni ya zamani, ijapokuwa tramadoli hutengenezwa kiwandani na haitoki kwenye mmea. Kazi yake ni kuulegeza ubongo usiyatambue maumivu.

Hapo ndipo penye siri ya jino, nami naomba mnisikilize vizuri. Ndani ya jino kuna kiini chenye mshipa wa fahamu na damu, kimezungukwa na ukuta mgumu kama jiwe. Tundu likifika ndani, kiini kinavimba, na ukuta hautanuki. Kinachovimba kinajibana chenyewe. Ukilala, damu inazidi kichwani, mbano unazidi, ndiyo maana jino huuma zaidi usiku. Chanzo cha maumivu, basi, ni uvimbe. Tramadoli haigusi uvimbe, inaufumbia macho tu. Ibuprofeni inaupunguza uvimbe wenyewe. Wataalamu wamepima mara nyingi kwa watu waliong'olewa magego ya mwisho, wakakuta ibuprofeni pamoja na parasetamoli zinatuliza sawa na dawa za ukoo wa kasumba au zaidi, na madhara yake ni machache.

Hayo si maneno ya dawa za maskini. Huko Marekani, nchi ya matajiri, madaktari wa meno kwa miaka mingi waliwaandikia vijana dawa za ukoo wa kasumba baada ya kung'oa magego, na wapo waliozizoea kuanzia hapo. Chama chao cha madaktari wa meno kikabadili njia. Katika mwongozo wake wa mwaka 2024 kimesema dawa ya kwanza kwa maumivu makali ya meno kwa watu wazima iwe ya jamii ya ibuprofeni, peke yake au pamoja na parasetamoli. Ile kali ibaki kwa yule ambaye hizo hazikumtosha au haziwezi mwilini mwake, tena kwa kipimo kidogo na kwa siku chache. Wao wamejifunza kwa kuzika watoto wao. Sisi tuna nafasi ya kujifunza kwa kusikia.

Daktari wa meno mwenye elimu hufanyaje? Kwanza anauliza. Linauma lenyewe au mpaka uguswe na maji baridi? Linakuamsha usiku? Anagonga jino moja moja, anatazama ufizi, anapapasa chini ya taya. Hana haraka, kwa sababu jino ni mwongo. Abul Qasim al-Zahrawi, tabibu Muislamu wa Andalusia aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika jambo hili katika kitabu chake At-Tasrif: maumivu humdanganya mgonjwa, akaonyesha jino zima, likang'olewa, na maumivu yakabaki mpaka bovu nalo liondolewe. Akasema ameyaona hayo mara nyingi kwa vinyozi waliokuwa wakijitia kung'oa meno. Miaka elfu moja imepita, na vinyozi hao bado tunakutana nao sokoni na koleo lao mfukoni. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, atawajibika kwa atakalolidhuru. Anayeng'oa bila elimu, na anayeuza kapsuli asiyoijua, nimewaambia nanyi.

Baada ya kulijua jino, daktari anakiondoa chanzo: anasafisha kiini na kuliziba, au analing'oa, au anafungua penye usaha utoke. Kabla ya hapo anachoma sindano ya ganzi. Penye usaha ganzi hushika kwa shida, kwa hiyo ukisikia maumivu mwambie, usikaze meno kwa ushujaa. Antibiotiki nayo haiondoi maumivu ya kiini kilichovimba. Ina kazi pale uambukizo umeenea, kuna homa au uvimbe wa uso. Kununua amoksisilini vidonge vinne kila jino likiuma ni kutupa pesa na kuiharibu dawa.

Ndipo sasa anafikiria dawa ya nyumbani. Kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine, ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula, isizidi mara 3 kwa siku, na parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi 8 katika saa 24. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye maradhi ya figo, mwenye pumu inayoamshwa na aspirini, na mama mjamzito, asiguse ibuprofeni bila kumuuliza muuguzi. Kwao parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Kama bado maumivu ni makali kweli, labda taya limevunjika au upasuaji ulikuwa mkubwa, daktari anapima: ana umri gani, anapumua vizuri, ana kifafa, anatumia valiamu au dawa nyingine ya usingizi, amewahi kuzoea kitu? Tramadoli huweza kuleta kifafa, na ikichanganywa na dawa ya usingizi au pombe huweza kuipunguza pumzi mpaka ikakatika. Akiona inafaa, anaandika chache, za siku 2 au 3, anakwambia siku ya kuacha. Tazameni tofauti ya huyo na kipande changu cha gazeti.

Mtoto wa chini ya miaka 12 asipewe kodeini wala tramadoli. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza hivyo mwaka 2017. Wapo watu ambao miili yao huigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kubwa, na jambo hili limeonekana kwa wingi Uhabeshi, kwa jirani zetu. Mama anayenyonyesha naye aiepuke, maana hupita kwenye maziwa.

Msitoke hapa mkasema Shehe ameharamisha mofini. Jirani zetu wa Uganda wametufundisha. Tangu mwaka 1993 shirika la Hospice Africa Uganda linawatuliza wagonjwa mahututi kwa mofini ya maji, unga uliochanganywa na maji, dawa ya bei ndogo sana. Na mwaka 2004 serikali yao iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa kuwa madaktari hawafiki kila kijiji. Mgonjwa wa saratani hapa kwetu anayekufa akipiga mayowe, huku vijana wanameza tramadoli ili wabebe mizigo, hilo ni jambo la kutuliza sisi sote. Mofini inafungwa kwa kufuli nyingi. Tramadoli haikutiwa katika mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unaodhibiti dawa hizo, ndiyo maana inavuka mipaka kirahisi hivi.

Madaktari wa meno wengi wako mjini, na barabara ya Sake mnaijua. Basi ukisubiri safari, sukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi, lala umeinua kichwa, na pamba yenye tone la mafuta ya karafuu juu ya tundu hutuliza kidogo. Hata madaktari wanaitumia karafuu katika dawa zao. Usibandike aspirini kwenye ufizi, inauunguza. Lakini ukiona uvimbe unashuka shingoni, mdomo haufunguki, kumeza kunashindikana au pumzi inakuwa nzito, hapo usingoje soko wala mvua kukatika. Ndugu wakubebe usiku huohuo mpaka hospitali. Jino huua, nami nimemswalia aliyeuawa nalo.

Wengi mmeuliza habari za funga. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah liliamua mwaka 1997 kwamba kutoboa, kusafisha na kung'oa jino hakubatilishi saumu, maadamu mtu hakumeza kinachoshuka kooni. Sindano isiyo ya lishe nayo haifunguzi. Hakuna haja ya kuvumilia jino mpaka Idi.

Na kwa yule mama, na kina mama wengine ambao hawajaja kwangu: msimfukuze kijana, msimfungie ndani aache kwa siku moja. Aliyeizoea akikatishwa ghafla anaugua kweli, na kifafa kinaweza kumpata. Mleteni kituo cha afya, muuguzi ampunguzie kidogo kidogo akiwa anamwangalia. Akiona haya kwenda peke yake, nitakwenda naye. Ninakuwa msikitini kila siku baada ya Alfajiri, na Jumatatu madrasa haina masomo, kwa hiyo siku nzima niko huru. Mwenye vidonge vilivyobaki nyumbani asivigawe kwa jirani anayeumwa, avirudishe kituoni.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Ukishaisoma mpe mwingine, usiitupe chini.