Ndoto ya Sultana: Somo kwa Wanaotuletea Visa vya Kubuni



Safu hii hupokea visa vingi vya majini, vyombo vya angani na watu wanaopotea msituni wakatokea karne nyingine. (Nasema visa, nisije nikachanganya na Hadithi za Mtume s.a.w.) Vingi vina kasoro moja: kila kitu kinawezekana, kwa hiyo hakuna kinachotutia hofu. Mhusika akizingirwa, anatoa pete mfukoni, mambo yamekwisha. Leo nataka tusome kazi ya mwandishi aliyejibana.

Rokeya Sakhawat Hossain alizaliwa mwaka 1880 katika familia ya Kiislamu huko Pairaband, sehemu ambayo leo iko Bangladesh. Baba yake hakutaka mabinti wasome Kibengali wala Kiingereza. Kaka yake Ibrahim akamfundisha kwa siri usiku, watu wakiwa wamelala. Mwaka 1905 jarida moja la Madras, The Indian Ladies' Magazine, likachapa kisa chake kifupi cha Kiingereza, Sultana's Dream, yaani Ndoto ya Sultana.

Sultana anasinzia kitini, anajikuta anatembea mtaani katika nchi ambayo wanaume ndio wanaokaa ndani na wanawake ndio wanaoendesha mambo. Hapo pana badiliko moja tu. Rokeya haongezi la pili la bure. Kila kinachofuata kinatoka humo. Wanawake wamesoma, kwa hiyo wana vyuo vikuu. Chuo kimoja kimebuni puto lenye mabomba linalovuta maji kutoka hewani, basi mvua haiwasumbui wakulima. Kingine kimejifunza kukusanya joto la jua. Wanaume wakacheka, wakasema hizo ni ndoto za wanawake. Adui alipovamia na jeshi la wanaume likashindwa, wanafunzi 2,000 wa chuo kile walikwenda vitani wakamwelekezea adui miale ya jua waliyoikusanya, naye akakimbia. Joto hilohilo ndilo wanalopikia jikoni. Angalieni hapo: silaha na jiko ni kitu kimoja, na msomaji alishaonyeshwa jiko kabla ya vita. Mwenye pete mfukoni hafanyi hivyo.

Kwenye darsa letu dada mmoja alipinga. Alisema huku ni kugeuza dhuluma tu, aliyefungiwa sasa anamfungia mwenzake. Ni kweli, na nadhani ndiyo dhihaka yenyewe. Sultana anaposhangaa wanaume kufungiwa, mwenyeji wake anamuuliza kwa nini kwao anafungiwa asiye na madhara na kuachwa huru mwenye madhara. Sultana anajitetea kwamba wanaume wana nguvu zaidi. Anajibiwa kwamba simba pia ana nguvu kuliko mtu, na bado hamtawali. Msomaji anayeudhika kwa ajili ya wale wanaume amekwishakubali hoja bila kujua. Tusimsingizie Rokeya, lakini: yeye mwenyewe alijisitiri, na aliandika insha kuitetea buibui. Alichopinga ni kufungiwa na kunyimwa elimu. Mwaka 1911 alifungua shule ya wasichana Calcutta kwa wanafunzi 8, akawa anakwenda nyumba kwa nyumba kuwasihi wazazi.

Kisa kina udhaifu. Kwa sehemu kubwa ni matembezi: mgeni anauliza, mwenyeji anaeleza. Sultana hana anachotaka wala anachoweza kukipoteza, na mimi ningependa kumjua hata mwanamume mmoja wa wale walio ndani. Hilo ndilo pengo tunaloweza kulijaza sisi.

Basi zoezi. Chagua jambo moja tu la hapa chuoni unaloliona la kawaida: foleni ya ada, nani anapewa chumba cha bweni, nani anakaa mbele ukumbini. Ligeuze. Kisha andika kurasa 2 bila kuongeza ajabu nyingine yoyote. Mtu mmoja katika kisa chako awe na kitu anachokihitaji kabla jua halijazama. Washairi, nanyi hamjasamehewa: beti 10 za utenzi, mizani 8 kwa kila kipande, vina vitimie. Badiliko lijulikane ndani ya ubeti wa pili, maana utenzi mfupi haungoji.

Leteni Alhamisi baada ya Isha. Tutasoma kwa sauti, na umeme ukikatika, tochi za simu zipo.