Hotuba ya Ghafla na Mipaka ya Kumbukumbu

Mtu ameketi kwenye sherehe ya harusi. Mwongozaji wa shughuli anamfuata na kumnong'oneza kwamba baada ya robo saa atatoa neno kwa niaba ya familia. Wengi wakiambiwa hivyo hutafuta kalamu na kuanza kuandika hotuba nzima, sentensi baada ya sentensi. Njia hiyo haifai, na ili kuelewa sababu yake ni lazima tuanze na kumbukumbu yenyewe.

Kumbukumbu ya muda mrefu ni hazina ya mambo tuliyojifunza na kuyaishi: majina, matukio, lugha. Kumbukumbu tendaji ni kitu kingine. Hiyo ni sehemu ya akili inayoshikilia mambo machache tunayoyashughulikia wakati huu huu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller wa Marekani aliandika kwamba mtu huweza kushika vipashio karibu saba kwa mara moja. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, alionesha kwamba idadi iliyo karibu zaidi na ukweli ni vinne hivi.

Kipashio ni fungu la maana, hakipimwi kwa wingi wa herufi au tarakimu. Tazama tarakimu hizi: 1, 9, 6, 1, 1, 9, 6, 4. Kwa asiyejua historia yetu ni vitu vinane. Kwa anayekumbuka mwaka wa uhuru wa Tanganyika na mwaka wa Muungano ni vitu viwili tu. Nafasi ya akili haikuongezeka. Maana ndiyo iliyokusanya vilivyotawanyika.

Sasa tuangalie kazi ya kusema. Msemaji huchagua maana, huitafutia maneno na mpangilio wake, kisha huyatamka. Katika lugha aliyokulia, hatua mbili za mwisho hazimchoshi sana, kwa kuwa amezizoea tangu utotoni. Hatua ya kwanza ndiyo inayodai umakini, na umakini huo hutoka katika nafasi ile ile finyu ya vipashio vinne. Anayejaribu kukumbuka maneno aliyoyaandika dakika kumi zilizopita anaipa nafasi hiyo kazi ya ziada isiyo ya lazima.

Hofu huongeza ugumu. Mtu anapoona macho mengi yanamtazama, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu ndani ya muda mfupi sana. Moyo huenda mbio, kinywa hukauka, mikono hutetemeka. Kortisoli, homoni nyingine ya tezi hizo, hufuata polepole, na inapopanda huweza kuzuia mtu asikumbuke hata anayoyajua. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walipotaka njia ya uhakika ya kuzalisha msongo katika maabara, walichagua kuwapa watu dakika chache za kujiandaa kisha kuwataka wahutubie mbele ya jopo bila karatasi, na baada yake wafanye hesabu kwa sauti. Njia hiyo inatumika hadi leo. Basi anayeogopa kuhutubia asijione dhaifu. Mwili wake unafanya kazi kama wa wengine.

Kutokana na hayo, ile robo saa itumike kuchagua maana, na maneno yaachwe yaje yenyewe. Kwanza iamuliwe sentensi moja ambayo wasikilizaji waondoke nayo. Shangazi wa bwana harusi anaweza kuamua hii: kijana huyu alilelewa na mtaa mzima. Kisha zitafutwe hoja tatu za kuibeba, na kila hoja ifungwe kwenye tukio aliloliona kwa macho yake: jirani aliyempeleka mtoto hospitali usiku, mwalimu aliyemfuata nyumbani alipokosa shule. Tukio lina mwanzo na mwisho wake, hivyo msemaji hahitaji kukariri mpangilio. Kwa hotuba ya dakika tano, kila hoja ipewe dakika moja na nusu hivi.

Karatasi ibebe maneno machache kwa herufi kubwa, pamoja na majina na vyeo vya wageni, kwa sababu jina halina maana inayoweza kumwongoza msemaji kulipata likisahaulika. Kauli ya "itifaki imezingatiwa" inasaidia hapa, nayo si utovu wa adabu. Sentensi mbili tu zishikwe neno kwa neno: ya kwanza, kwa kuwa hofu huwa kali mwanzoni, na ya mwisho, ili msemaji ajue pa kukomea.

Dakika zinazobaki zitumike kuisema hotuba kwa sauti, pembeni, kwa kuwa mahali ulimi unapokwama hapaonekani kwa kusoma kimya. Kabla ya kusimama, pumzi itolewe taratibu. Mapigo ya moyo hupungua kidogo tunapotoa hewa.

Wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionesha mwaka 2003 kwamba msemaji hudhani hofu yake inaonekana kuliko inavyoonekana kweli, na kwamba waliofahamishwa jambo hilo mapema walihutubia vizuri zaidi. Kwa hiyo hoja ya pili ikikupotea, nenda kwenye ya tatu bila kuomba radhi. Wasikilizaji hawakuiona karatasi yako.