Fedha za Masomo ya Uuguzi: Basari na Mkopo

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Makongeni hata Umoja na Kayole, wako vijana waliopata alama za kuwafaa kusomea uuguzi, lakini wazazi wao hawana karo. Barua ya kuitwa chuoni hupokewa kwa vigelegele, kisha hutiwa sandukuni hata siku ya kuripoti ikapita. Mara nyingine fedha zilikuwapo, ila hakuna aliyeziomba kwa wakati wake.

Yafaa ieleweke kwanza ya kwamba fedha hizo ni za namna mbili. Basari ni msaada, na aliyeipata hadaiwi. Mkopo ni deni. Wazazi wengi huyachanganya mambo haya mawili, na majuto huja baada ya masomo.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ijulikanayo kwa kifupi HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Zamani waliotajwa sana ni wanafunzi wa vyuo vikuu, lakini hata mwanafunzi wa Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, yaani KMTC, ana haki ya kuomba. Mwaka 2013 ukaanzishwa Mfuko wa Afya Elimu chini ya Bodi hiyo, kwa msaada wa Marekani, kwa ajili ya wanafunzi wa kazi za afya, wauguzi wakiwamo. Riba ya mikopo hii ni shilingi 4 kwa kila 100 kwa mwaka. Maana yake, deni la shilingi 40,000 huongezeka kwa shilingi 1,600 katika mwaka mmoja. Malipo hutakiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na Bodi imekuwa ikimtoza asiyelipa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Wadhamini wawili hutia sahihi zao. Basi jirani anayeombwa udhamini mlangoni, kikombe cha chai mkononi, yampasa aisome karatasi kwanza. Hiyo si salamu, ni ahadi.

Ama basari, iliyo karibu zaidi na wananchi imekuwa ile ya mfuko wa maendeleo ya maeneo ya bunge, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Watu wa Makadara, Kamukunji na Embakasi wanaijua. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, wala mwanafunzi hapewi fedha mkononi. Na kwa kuwa waombaji ni wengi, kila mmoja hupata kidogo. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfuko huo haupatani na Katiba, ikataja tarehe 30 Juni 2026 kuwa mwisho wake. Kwa hiyo mzazi asiutegemee kabla ya kuuliza hali yake katika ofisi ya eneo lake. Fomu ya basari haiuzwi. Anayedai hongo ili aipitishe ni mwizi tu.

Yako pia matumizi ambayo hundi ya karo haiyafikii: sare, viatu, saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabia mapigo ya moyo, na nauli. Atokaye Kayole kwenda KMTC, karibu na Hospitali ya Kenyatta, huvuka mji mzima. Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyofunguliwa mwaka 1926, nayo ina shule yake ya uuguzi na ukunga, na kutoka Shauri Moyo si mbali kwa miguu.

Karatasi zitayarishwe kabla barua haijafika: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Cheti kilichopotea huchukua muda kupatikana upya. Nakala za zote ziwekwe mahali pamoja, kwani mkopo huombwa tena kila mwaka wa masomo.