Somo la Maneno: "Strike"



Neno la leo ni "strike", ambalo tunalikuta mara kwa mara katika mikataba na barua za waajiri zilizoandikwa kwa Kiingereza. Yafaa tulijue vizuri, kwani usilolijua ni usiku wa kiza.

Maana yake ya kila siku ni kupiga. Lakini mabaharia wa Uingereza walilitumia pia kwa maana ya kutua tanga. Mwaka 1768 mabaharia katika bandari ya London, wakidai mshahara zaidi, walitua matanga ya merikebu. Merikebu isiyotweka tanga haiendi, na shehena haifiki kwa mnunuzi. Tangu hapo neno hilo likashika maana ya wafanyakazi kusimamisha kazi kwa pamoja.

Wafaransa wana neno lao, "grève", ambalo wenzetu wa Burundi na Kongo wanalijua. Hilo lilitokana na jina la uwanja mmoja wa Paris, kando ya mto Seine, ambako watu walikusanyika kutafuta vibarua. Sisi twasema mgomo, kutokana na kugoma, yaani kukataa.

Sasa tuangalie matumizi yake. "Strike notice" ni ilani ya mgomo. "Strike fund" ni mfuko wa kuwasaidia waliogoma. Lakini "strike off" haihusu mgomo hata kidogo: ni kufuta jina katika orodha. Mwenzetu mmoja wa shambani alipokea barua yenye maneno hayo. Akadhani anashitakiwa kwa kugoma, na kwa kuwa hakugoma, akatulia akingoja aitwe ajieleze. Kumbe jina lake lilikwisha futwa kazini. Alipoileta barua kwa katibu wa tawi, siku za kukata rufaa zilikuwa zimepita.

Tusichanganye pia "strike" na "lock-out". Katika "strike" mfanyakazi ndiye anayeacha kazi. Katika "lock-out" tajiri ndiye anayefunga lango. Ukitia sahihi karatasi isemayo uligoma, kumbe ulifungiwa nje, umejitia hatiani mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu, barua usiyoielewa usiitie sahihi wala usiiweke mfukoni. Ipeleke tawini siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Mkataba wetu unasemaje juu ya ilani ya mgomo?
2. Nani katika tawi letu atawasomea wenzake barua za Kiingereza?