Vyombo vya Karani na Mahali Pake

Fundi seremala ana vyombo vingi: randa, msumeno, patasi, keekee, nyundo na tupa. Lakini vyombo hivyo vyote havikai juu ya meza yake. Vile avitumiavyo kila saa huviweka karibu na mkono. Vile avitumiavyo mara moja kwa mwezi huvitia kashani. Akifanya kinyume cha hayo, siku yake hupotea katika kutafuta, na kazi za watu hukawia.

Karani aandikaye kwa kompyuta naye ana vyombo vyake, ila si vya chuma wala si vya mti. Vyombo vyake ni amri. Iko amri ya kuhifadhi maandishi, iko ya kuyachapa, iko ya kukoza herufi, iko ya kuchora jedwali. Kila amri ina alama yake ndogo, na alama hizo hupangwa safu upande wa juu wa kioo. Safu hiyo huitwa upau wa zana.

Mfano mmoja ni programu iitwayo Word, iliyotolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani mwaka 1983. Mwanzoni amri zake zilikuwa chache. Lakini kila toleo jipya liliongeza nyingine, hata katika toleo la 2003 amri zilizidi 1,500, na pau za zana zilizidi 30. Hapo likatokea jambo la ajabu: watu waliwaomba watengenezaji wawaongezee amri ambazo tayari zilikuwamo. Chombo kilikuwamo kashani, bali mwenye kasha hakujua.

Kwa sababu hiyo toleo la 2007 lilibadilishwa umbo. Pau za zamani ziliondolewa, na mahali pake ukawekwa utepe mmoja mpana wenye vichupo, kila kichupo na amri za kazi za namna moja. Wengi walinung'unika, maana mkono ulikwenda mahali pa kale usikute kitu. Lakini walipewa upau mdogo wa amri za upesi, ambao kila mtu aweza kuujaza apendavyo. Toleo la 2010 likaongeza ruhusa ya kuupanga utepe wenyewe.

Basi mtu aliyepotewa na amri afanyeje? Kwanza, afikiri amri hiyo ni ya kazi gani, kisha atazame kichupo cha kazi hiyo. Pili, aulize. Tangu toleo la 2016, Word ina mahali pa kuandika jina la kazi itakiwayo, nayo programu huonyesha amri yake. LibreOffice, programu ipatikanayo bure, ina mahali kama hapo tangu toleo la 7.2 la mwaka 2021. Tatu, ziko amri zisizoonekana katika utepe kabisa. Hizo hupatikana katika orodha ya amri zote, ndani ya ukurasa wa kupangia programu.

Katika Word, amri ikiisha kuonekana katika utepe, karani huelekeza kipanya juu ya alama yake, hubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, kisha huchagua kuiongeza katika upau wa upesi. Tena akibonyeza Alt, tarakimu hutokea juu ya alama za upau huo. Alt kisha 1 huita amri ya kwanza, pasipo kugusa kipanya.

Lakini yapasa kuwa na kiasi. Mtu akijaza alama hamsini katika upau wa upesi, ameligeuza meza kuwa kasha tena. Na kompyuta ya shule au ya ofisi mara nyingi hutumiwa na wengi. Ahamishaye amri pasipo kuwaambia wenziwe ni sawa na aufichaye msumeno wa karakana: mwenziwe atakuja asubuhi na barua ya kupelekwa upesi, naye hataona pa kuanzia. Iko amri ya kurudisha hali ya kwanza, lakini itumiwe kwa hadhari, kwa kuwa huufuta mpango wote. Kwa hiyo mwenye busara huhifadhi kwanza mpango wake katika faili.

Lugha nayo yaweza kuficha chombo. Asiyejua Kiingereza hubahatisha tu mbele ya amri za Kiingereza. Ndiyo sababu mwaka 2004 mradi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye amri zilizoandikwa kwa Kiswahili.

Wahenga walisema: Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Amri tisa zilizo karibu na mkono humfaa karani kuliko elfu asizojua zilipo.

Maswali
1. Kwa nini watu waliomba amri ambazo tayari walikuwa nazo?
2. Taja njia tatu za kutafuta amri iliyopotea.
3. Mtu afanye nini kabla ya kurudisha hali ya kwanza, na kwa sababu gani?
4. Eleza maana ya methali iliyotajwa.